Idara tatu zimeniambia "hii si yetu". Daftari la rambirambi la shangazi linaweza kuwa uzamivu?

#1 BintiRungwe
Wadau, habari za jioni. Niko Mbeya mjini, nafundisha sekondari mwaka wa tisa sasa, na nina shahada ya uzamili ya elimu. Naomba mawazo yenu, hata yakiwa machungu.

Shangazi yangu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana huko Rungwe. Alipofariki tulikuta kaunta buku lake la kwaya nne ndani ya sanduku la bati, limefungwa kwenye khanga kuukuu, linanuka moshi wa jikoni. Linaanza Machi 1984 na kuishia 1996. Kila msiba una ukurasa wake: jina la marehemu, kitongoji, halafu orodha ya waliotoa. Huu hapa ukurasa wa Julai 1984, majina nimeyaficha:

Mama A. – mahindi debe 1, kuni mzigo 1.
Baba J. – sh. 20.
Mama S. – sukari kikombe 1.
Mama T. – ndizi mkungu 1, amelala msibani siku 3.

Huyo Mama T. ndiye aliyeninyima usingizi. Shangazi aliuandika usiku wa kulala msibani kwenye safu ileile ya mahindi na shilingi. Kwake kulala pale chini kwenye mkeka pamoja na wafiwa kulikuwa mchango unaohesabiwa, na siku Mama T. atakapofiwa utalipwa. Aliyemfundisha hesabu za namna hiyo ni nani? Shuleni aliishia darasa la nne.

Nataka kusomea uzamivu (PhD) juu ya hili: uchumi wake, lugha yake (fedha ameziandika kwa Kiswahili, ugomvi na madeni kwa Kinyakyusa), imani yake na historia yake. Nimezungumza na idara tatu katika vyuo viwili ambavyo sitavitaja. Historia walisema hii ni sosholojia. Sosholojia wakasema daftari moja si sampuli, nenda Kiswahili. Kiswahili wakasema lugha iliyomo ni kidogo, rudi historia. Tatizo ni daftari, ni mimi, au ni idara? Na je, kuna mahali wanapoupokea utafiti wa utamaduni na jamii bila kuukata vipande?

Natanguliza shukrani.

#2 Kabwe_Stendi
Naweka kambi hapa. Bibi yangu alikuwa na daftari kama hilo, tuliliwashia moto. Nimeumia kusoma.

#3 ParachichiNjombe
Pole kwa msiba, dada. Ushauri wangu ni wa mkulima. Mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa ukiupanda leo, mwaka wa tatu unaanza kuchuma. Uzamivu ukiuanza leo, mwaka wa tatu bado unarekebisha sura ya pili. Una ekari ngapi huko Rungwe?

#4 MzeeKihesa
Mwanangu BintiRungwe, nimefundisha chuo kikuu hadi nikastaafu, sasa nipo Kihesa na kuku wangu. Nikueleze kinachotokea ndani ya kile kikao ambacho wewe hukukiona.

Idara inapoletewa mada, swali la kwanza huwa "nani atasimamia na nani atatahini?" Uzuri wa mada unakuja baadaye. Tasnifu ya uzamivu lazima isomwe na mtahini wa ndani na mtahini wa nje, na kila mmoja anakuja na miwani ya fani yake. Wa historia atauliza iko wapi nyaraka ya pili ya kuthibitisha hii ya kwanza. Wa sosholojia atauliza wahojiwa walikuwa wangapi na umewapataje. Wa isimu atataka matini yachambuliwe neno kwa neno. Nimewahi kushuhudia kazi nzuri sana ikikaa kwa mtahini zaidi ya mwaka kwa sababu alikuwa akitafuta sura ambayo kwa fani yake lazima iwepo, na haikuwepo. Mwanafunzi yule alikonda.

Kwa hiyo wanapokwambia "si yetu", mara nyingi maana yake ni "hatuna wa kukutahini na tunaogopa utakwama mikononi mwetu". Ni woga, na sehemu ya woga huo ni huruma.

#5 Loleza
Mzee Kihesa shikamoo. Naheshimu, ila kwangu mzizi ni ajira.

Angalieni matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya umma. Mhadhiri msaidizi: GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili, katika fani husika. Kupanda kuwa mhadhiri ni lazima uzamivu. Hayo maneno mawili, "fani husika", ndiyo ukuta wenyewe. Cheti chako kikisomeka "Utamaduni na Jamii", kamati ya ajira itauliza utafundisha kozi gani. Historia wana mtu wao, sosholojia wana wao. Idara zinajua hilo, kwa hiyo hazitaki kuzalisha daktari asiye na kiti.

Mleta mada, wewe ni mwalimu wa sekondari mwenye uzamili wa elimu. Jiulize unautaka uzamivu ili uajiriwe chuo, au ili daftari lieleweke? Majibu yake yanakupeleka njia tofauti kabisa.

#6 MheheHalisi
Kamweneeee! Watani zangu wa Rungwe wameanza kuhesabu usingizi kama mchango, hawa watu wa ndizi nawavulia kofia.

Sasa nishushe hoja. Nendeni Kalenga, Iringa, mkalione fuvu la Chifu Mkwawa, halafu mniambie lile fuvu ni la idara gani. Alijiua Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa kikapelekwa kwao, tukarudishiwa tulipopata Uhuru 1961. Ni historia? Limetajwa kwenye mkataba wa Versailles uliofunga Vita ya Kwanza ya Dunia, basi ni sheria. Lilipimwa vipimo vya mifupa, basi ni sayansi. Ukoo unafanya matambiko yake, basi ni dini. Mkilikata vipande mnabaki na nini mkononi? Idara ndizo zenye tatizo, dada wala daftari hawana.

#7 KaraniNyaraka
MheheHalisi, hoja yako ni nzito ila turekebishe mwaka. Fuvu lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, miaka saba kabla ya Uhuru, na aliyelileta ni Gavana Edward Twining. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliwataka Wajerumani walirudishe ndani ya miezi sita. Ikapita miaka 35. Twining mwenyewe alikwenda Bremen kwenye makumbusho yenye mafuvu mengi, wakachagua kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe.

Na hapo ndipo hoja yako inapata nguvu zaidi. Swali la "ndilo au silo" mwanahistoria peke yake hawezi kulijibu, daktari peke yake hawezi, na ukoo una jibu lake ambalo halisubiri maabara.

#8 MheheHalisi
Nimekubali, ni 1954. Aliyelipokea ni Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge. Asante, karani.

#9 Nyanda_Ughaibuni
Salamu kutoka Ujerumani, mimi ni mtoto wa Makambako. Huku fani ya masomo ya utamaduni ipo na ina umri. Mwanzo wake unahesabiwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1964, Richard Hoggart alipoanzisha kituo cha kuchunguza utamaduni wa watu wa kawaida: magazeti wanayosoma, miziki, mavazi ya vijana. Baadaye kikaongozwa na Stuart Hall, Mjamaika. Waliyachanganya fasihi, sosholojia na siasa makusudi. Chuo chenyewe kilikifunga mwaka 2002, kwa hiyo hata huko kwao fani haikuwa na kiti imara.

Kwa dada: angalia Chuo Kikuu cha Bayreuth. Tangu 2007 kuna shule ya uzamivu ya masomo ya Afrika inayoweka watu wa isimu, fasihi, jiografia, dini na anthropolojia chini ya paa moja, na Kiswahili kina heshima kubwa pale. Ufadhili wa DAAD, shirika la Kijerumani la ufadhili wa masomo, wengi wameupata. Ila jiandae: barua yako kwa msimamizi ndiyo kila kitu. Usiandike "nataka kutafiti utamaduni". Andika kuhusu Mama T. na siku zake tatu.

#10 MzeeKihesa
Namba 9, umesema vema, lakini usiwaambie vijana wetu kwamba jambo hili lilizaliwa Birmingham. Mwaka 1968 Chuo Kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, wakati kingali sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, idara ya historia iliwatuma wanafunzi vijijini kusini wakakusanye habari za Maji Maji kutoka kwa wazee walioiona vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Walikwenda na madaftari. Walirudi na dawa, na ndoto, na majina ya mizimu, na bei ya pamba. Wakati ule hakuna aliyeuliza bei ya pamba ni ya idara gani na ndoto ni ya idara gani.

Sisi tulioingia baadaye ndio tuliojenga kuta. Nasema hivyo kwa uchungu, maana nami nilishika tofali.

#11 MwanaMakerere
BintiRungwe, si lazima uende Ulaya. Makerere kuna Taasisi ya Utafiti wa Jamii, MISR, ambayo mwaka 2012 chini ya Mahmood Mamdani ilianzisha uzamivu wa Masomo ya Jamii. Ni wa miaka mitano. Unaanza na masomo ya darasani: historia, siasa, uchumi wa kisiasa na utamaduni, kila mtu anasoma yote, ndipo unaandika tasnifu. Nilipita pale. Miaka ya mwanzo nilisoma hadi macho yakauma, lakini nilipofika uwandani nilijua ninachokitafuta.

Tofauti na ule utaratibu wa kujisajili na tasnifu peke yake, ambapo unapewa msimamizi mmoja na unaachwa uogelee. Kwa mada mchanganyiko, kuogelea peke yako ni hatari.

#12 Gangilonga77
Namba 11 amenigusa. Mimi ni yule aliyeachwa aogelee.

Mada yangu ilikuwa vilabu vya ulanzi Iringa vijijini. Msimu wa mvua mianzi michanga inakatwa ncha, utomvu unakingwa, asubuhi na jioni mtu anapita kugema. Kilabuni nani anakaa wapi, nani anaanza kupewa, deni linaandikwaje kwa mkaa ukutani, kesi ndogo za kijiji zinaamuliwaje pale kabla hazijafika kwa mwenyekiti. Nilikuwa na daftari sita za uwandani. Msimamizi wa kwanza aliteuliwa kwenda wizarani. Wa pili alikuwa mtu wa lishe, akataka nipime kilevi. Wa tatu alinirudishia sura nne zikiwa na mstari mmoja wa wino mwekundu juu ya ukurasa wa kwanza: "Nadharia ni ipi?" Hakuna alama nyingine hadi ukurasa wa 160. Nilizifunua zote nikitafuta.

Mwaka wa tano niliacha. Chuo sikitaji, na wale walimu si watu wabaya. Lakini dada, kabla ya kujisajili, pata wasimamizi wawili wa fani mbili, na wakae meza moja mbele yako hata mara moja tu, uone kama wanaelewana.

#13 Kabwe_Stendi
Gangilonga77 hizo daftari sita ziko wapi sasa?

#14 Gangilonga77
Juu ya kabati. Mke wangu hufuta vumbi kila Jumamosi, hasemi kitu.

#15 ParachichiNjombe
Kaka, mimi niliyeongelea miche hapo juu nimenyamaza. Hizo daftari usizitupe. Ulanzi ni maisha yetu huku na hakuna aliyeuandika hivyo ulivyosema.

#16 MamaKyela
Mwagonile. Mnazunguka mbali, wakati misiba ya Wanyakyusa imeshaandikwa zamani. Kuna wamisionari Waingereza, Wilson na mkewe, walikaa huku wakaandika kila kitu: vijiji vya rika (watu wa umri mmoja kuishi pamoja), mazishi, ngoma za msibani. Dada ana jipya gani?

#17 KaraniNyaraka
MamaKyela, ndaga. Marekebisho mawili. Godfrey na Monica Wilson hawakuwa wamisionari, walikuwa wanaanthropolojia. Monica alizaliwa Afrika Kusini, wazazi wake ndio waliokuwa wamisionari. Walifanya utafiti kati ya 1934 na 1938. Godfrey alichapisha makala kuhusu desturi za maziko ya Wanyakyusa mwaka 1939, naye Monica akatoa kitabu kuhusu vijiji vya rika mwaka 1951.

Jambo ambalo wengi hawalijui: walifanya kazi na karani Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo. Alikuwa anaandika maelezo ya watu kwa mkono wake. Karatasi za Wilson leo ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa hiyo yapo maandishi ya karani yaliyoingia kwenye kazi ya wageni, na sasa lipo daftari la mweka hazina aliyejiandikia mwenyewe, kwa ajili ya jirani zake, miaka 50 baadaye, bila mtafiti yeyote kumwomba. Hilo ndilo jipya. Mimi ningelisomea miaka mitano.

#18 MamaKyela
Nimesimama kusahihishwa. Ndaga fijo. Basi nami niseme langu: daftari la kikundi chetu mimi ndiye katibu sasa hivi. Siku hizi tunatuma kwa simu. Aliyetuma elfu kumi kutoka Dar jina lake linasomwa, aliyelala msibani hasomwi. Nimesoma namba 1 nikajiona nimekosea jambo.

#19 NesiMbalizi
Habari zenu. Mimi ni muuguzi, naliona daftari hili kwa macho mengine. BintiRungwe, hesabu misiba kwa mwaka. Bila shaka utaona inaongezeka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na mkoa wetu wa Mbeya, wenye barabara kuu na, wakati ule, mipaka miwili, uliumia sana. Daftari lako lina tarehe, kitongoji, pengine na umri. Takwimu za hospitali za wakati ule haziwaoni waliofia nyumbani. Shangazi aliwaona wote.

Ila hapo kuna moto. Hao ni watu wenye watoto walio hai. Ukigusa sababu za vifo utahitaji kibali cha maadili, na mambo ya afya yanapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Usilipige picha ukaliweka mtandaoni.

#20 Mtendaji_Busokelo
Niongezee kwa namba 19. Mimi ni mtendaji wa kijiji. Mtafiti anakuja na barua ya chuo iliyopita kwa Katibu Tawala wa mkoa, ikaja wilaya, ikaja kata, ikafika mezani kwangu. Barua inasema "apewe ushirikiano". Nampa. Nakusanya wazee, wanaacha shamba, wanakaa kwenye benchi la ofisi saa tatu. Mtafiti anashukuru, anaondoka. Katika watafiti kumi na mmoja nilioandika kwenye kitabu cha wageni, aliyerudi kutuonyesha alichokiandika ni mmoja. Alikuja na nakala, ilikuwa kwa Kiingereza, lakini alikaa akatusomea kwa Kiswahili kipande kwa kipande hadi jua likazama. Wazee wanamtaja hadi leo.

Mnajadili idara gani itapokea. Sijaona aliyeuliza kile kikundi chenyewe kama kinakubali. Daftari ni la shangazi au ni la kikundi? Kwangu mimi hiyo ndiyo idara ya nne.

#21 BintiRungwe
Nimesoma mara mbili, nimelia mara moja (namba 14).

Mtendaji, umenipiga mahali pake. Sikuwahi kujiuliza daftari ni la nani. Kikundi bado kipo, ingawa waliobaki wa enzi zile ni wachache. NesiMbalizi, nimehesabu usiku huu: 1984 misiba 9, 1988 misiba 14, 1993 misiba 31. Niliacha kuhesabu nikaenda kukaa nje.

Loleza, umeuliza nautaka wa nini. Nataka lieleweke. Kazi ninayo.

Sasa niwaonyeshe kitu ambacho sikuwaambia wale wa idara. Kuanzia 1989 baadhi ya majina ya watoaji yana duara dogo pembeni, la wino mwekundu. Kila ukurasa matatu, manne, mara nyingine saba. Halipo kwa Mama A. mwaka mzima, halafu linatokea, halafu linaondoka. Hakuna maelezo popote. Mnaonaje?

#22 Loleza
Rahisi: hawajalipa. Ahadi ambayo haijatimizwa. Mweka hazina yeyote hufanya hivyo.

#23 BintiRungwe
Nilidhani hivyo pia. Lakini wadaiwa anawaandika waziwazi kwa Kinyakyusa, na maneno makali. Na wenye duara wana kiasi kamili mbele yao.

#24 NesiMbalizi
Mwaka 1989? Naona nyumba zenye mgonjwa ndani. Kikundi kilijua nani anauguza, kikampunguzia. Linganisha: je, ndani ya mwaka mmoja baada ya duara, nyumba hiyo inakuwa na msiba?

#25 MzeeKihesa
Tahadhari, binti yangu. Usiufuate mkono wa muuguzi moja kwa moja kwa sababu tu unasikitisha. Wino mwekundu ungeweza kumaanisha kalamu mpya tu. Tangu 1986 serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, bei zilipanda na shilingi ikaporomoka. Inawezekana kikundi kiliruhusu waliokwama watoe vitu badala ya fedha, na duara ni alama ya ubadilishaji huo. Angalia kama wenye duara wametoa mahindi au shilingi.

#26 BintiRungwe
Nimeangalia kurasa kumi. Mchanganyiko. Wengine shilingi, wengine mahindi, mmoja kuni tu.

#27 MheheHalisi
Huku kwetu Kalenga bibi alikuwa akiweka alama kwa waliopewa chakula cha kubeba nyumbani, ili asipewe mtu mara mbili. Nyie watu wa ndizi mnabeba sana.

#28 MamaKyela
Mtani, tutabeba hata sufuria. Ila dada, katika kikundi chetu cha zamani alama kama hiyo walipewa waliochukua mtoto wa marehemu kumlea. Halikuwa duara, ilikuwa kijiti. Na ilifutwa mtoto akiondoka.

#29 NesiMbalizi
Namba 28... hiyo ingeeleza kwa nini linatokea na kuondoka.

#30 KaraniNyaraka
Ingeeleza pia mambo mengine matano. Naona hapa watu watano wamesoma duara moja kwa namna tano, na kila jibu linaweza kupimwa. Mleta mada, hiyo ndiyo sura yako ya mbinu za utafiti, inajiandika yenyewe. Iandike hivihivi, pamoja na makosa.

#31 Loleza
Nakubali nusu. Mtahini wa nje atauliza mwishoni ni lipi kati ya hayo. "Yote yanawezekana" si jibu la uzamivu.

#32 MwanaMakerere
Si lazima liwe moja, Loleza. Pengine mwaka 1989 lilimaanisha hili na 1994 likamaanisha lile.

Kuhusu fedha, dada, usihesabu ule mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, wa mkopo wa Benki ya Dunia. Dola milioni 425 ni nyingi, lakini masomo yake ni ya watumishi wa vyuo, na vipaumbele vimeegemea zaidi sayansi, uhandisi, kilimo na kadhalika. Kama unataka kubaki kazini, Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa, ila rudi usome namba 12 kabla ya kujisajili popote.

#33 Nyanda_Ughaibuni
Na iandike kwa Kiswahili kama utaweza. Pale Mlimani, TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), tasnifu za uzamivu za Kiswahili zinaandikwa na kutetewa kwa Kiswahili. Mtendaji hatahitaji kutafsiriwa hadi jua lizame.

#34 Loleza
Kwa Kiswahili sawa, lakini basi idara ni Kiswahili, na walishamwambia lugha iliyomo ni kidogo.

#35 Gangilonga77
Walimwambia kabla hawajasikia kwamba ugomvi umeandikwa kwa lugha moja na fedha kwa nyingine. Au alisema, hawakusikia. Dada, rudi kwao na ukurasa mmoja, usirudi na maelezo.

Mimi leo nimeshusha daftari moja kutoka kabatini. Naishia hapo.

#36 BintiRungwe
Kaka Gangilonga, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumamosi napanda gari kwenda Ushirika, kule Rungwe. Yupo bibi mmoja aliyekuwa katibu wa kikundi 1987 hadi 1992, anasikia vizuri bado. Nataka nimwombe ruhusa ya kikundi kwanza, kama Mtendaji alivyosema, ndipo nimuulize duara. Nipeni maswali.

#37 KaraniNyaraka
Muulize nani alisoma majina kwa sauti msibani, na kama wenye duara walisomwa.

#38 MzeeKihesa
Muulize kalamu nyekundu ilitoka wapi.

#39 NesiMbalizi
Usimuulize nani alikufa kwa nini. Akitaka, atasema.

#40 MamaKyela
Beba sukari kilo mbili na sabuni ya mche. Usianze na daftari. Fika mapema, msaidie kumenya ndizi, na kama kuna msiba jirani siku hiyo, nenda naye.

#41 Kabwe_Stendi
Magari ya Tukuyu yanaanza alfajiri. Ukifika stendi uliza wa Kabwe, nakutafutia siti ya mbele.